Kabla ya Kulipia Call of Duty Mpya: Jua Unanunua Nini Hasa

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, swali ni lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp ya wachezaji: "Mwaka huu tunahama?" Neno ni hilo, kuhama, wala si kununua. Wanaolitumia wanajua wanachosema.

Call of Duty, gemu ya vita vya risasi, ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2003, na tangu 2005 haujapita mwaka bila toleo jipya. Bei ilikaa dola 60 kwa miaka mingi, kisha ikapanda hadi 70 kwenye mashine za PS5 na Xbox Series lilipotoka toleo la Black Ops Cold War mwaka 2020. Asiyecheza akitazama anaona askari yule yule, bunduki ile ile na ghorofa zile zile zilizobomoka, basi anahitimisha kwamba wanunuzi wamerogwa. Hawajarogwa. Ndani ya hizo dola 70 mna vitu kadhaa vilivyofungwa pamoja, na kila mnunuzi anafuata kimoja au viwili tu. Kazi yako kabla ya kulipa ni kufungua furushi hilo, ukajua chako ni kipi na kama bado kimo.

Anza na watu

Hiki ndicho kitu kizito kuliko vyote, na ndicho kinachowarudisha watu dukani hata wakiwa na kinyongo na toleo lililopita. Mechi ya kawaida ya wachezaji 6 kwa 6 inataka watu 12 walio tayari kwa dakika ile ile, wanaotafuta aina ile ile ya mechi, na walio karibu na seva moja (kompyuta inayoendesha mechi). Toleo jipya likitoka, umati unahamia huko, na lobi (vyumba vya kusubiria mechi) za toleo la zamani zinaanza kupwaya. Hazifi zote kwa siku moja. Team Deathmatch, ya timu mbili kuuana tu, hubaki na watu kwa miaka. Zinazokauka kwanza ni aina zenye wachezaji wachache kama Hardpoint (kushikilia eneo) na Search and Destroy (kutega au kuzuia bomu).

Kwa anayecheza kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ukame huo unafika mapema zaidi. Mtambo wa kupanga mechi huanza kutafuta watu wenye pingi ndogo (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) kwenye seva ya karibu. Ukiwakosa, unapanua duara. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 29 hata mambo yote yakienda vizuri. Nairobi hadi London ni kama 6,800, yaani 68 kwa uchache. Na kebo hazinyooki kama mstari kwenye ramani, kwa hiyo pingi halisi ni kubwa kuliko hizo. Lobi za Afrika Kusini zikipungua watu, unatupwa Ulaya au Ghuba, na hapo ndipo unajikuta umeshajificha nyuma ya ukuta lakini unakufa: kwenye seva, taarifa kwamba umejificha ilikuwa haijafika.

Pima hivi, usikisie. Washa ulichonacho sasa siku tatu tofauti, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kwenye mipangilio, washa kipimo kinachoonyesha pingi na paketi (vipande vya data) zinazopotea kwenye kona ya skrini. Chagua aina moja tu ya mechi, ile unayoipenda kweli, na uhesabu sekunde hadi lobi ijae. Fanya mara tano kila usiku. Ikijaa ndani ya dakika moja na pingi haibadiliki sana, umati wako bado upo, na hoja ya "lazima tuhame" haijakufikia. Ikizidi dakika tatu, au ukiona pingi inaruka kutoka 70 hadi 150 kati ya lobi moja na nyingine, watu wameondoka.

Kisha hesabu kikosi chako. Usiulize nani atanunua, maana Septemba kila mtu anasema atanunua. Uliza nani ameshalipa. Katika kikosi cha watu wanne, wawili wakiwa wamelipa, wengine wawili watafuata ndani ya wiki chache. Akilipa mmoja tu, mara nyingi ndiye anayerudi. Tangu toleo la Modern Warfare la 2019, wa PlayStation, Xbox na kompyuta hucheza pamoja, kwa hiyo usijali nani ana mashine gani. Kuna kosa moja hapa: wachezaji wa pedi huzima krosplei (huko kucheza pamoja) ili kuwakwepa wenye mausi, halafu wanalalamika kwamba gemu imekufa. Wamejifungia wenyewe kwenye kidimbwi. Kabla ya kupima chochote, hakikisha imewashwa.

Mwaka 2023 ulituonyesha jinsi watu wanavyozidi gemu yenyewe. Mwezi Julai mitambo ya kupanga mechi ya matoleo ya zamani kwenye Xbox 360 ilirekebishwa, na ghafla Modern Warfare 2 ya 2009 na Black Ops ya 2010 zikajaa watu tena. Ramani (viwanja vya mapigano) zilikuwa zile zile, na picha ni za zama zake. Kilichobadilika ni kwamba ukibonyeza kutafuta mechi, unaipata.

Ngazi inayobomolewa kila mwaka

Kitu cha pili ni ngazi, yaani mfumo wa kupanda leveli na kufungua silaha. Ilijengwa Novemba 2007 na studio ya Infinity Ward katika Call of Duty 4: Modern Warfare, na karibu kila gemu ya risasi ya mtandaoni iliyofuata imeiga.

Itazame kwa karibu, maana ndiyo injini yenyewe. Unamuua adui, na katikati ya skrini inatokea +10 ya njano. Ukiua watatu bila kufa, unapata ndege ya upelelezi inayowaonyesha maadui kwenye ramani ndogo. Watano, unaita mabomu. Saba, inakuja helikopta. Tatu, tano, saba: kila mara umebakiza kidogo. Leveli ya 4 inakufungulia kupanga silaha zako mwenyewe, na safari inaishia leveli ya 55. Ukifika huko, gemu inakupa chaguo la ajabu: futa kila kitu, urudi leveli ya 1, upewe nembo moja ya prestiji kando ya jina lako. Na watu wakakubali, mara kumi mfululizo.

Toleo la kila mwaka ni prestiji kubwa ambayo kila mtu anaingia kwa pamoja. Siku ya kwanza, aliyecheza saa elfu moja na aliyeanza jana wote wana bunduki tupu, bila darubini, bila kizuia sauti. Kwa wiki mbili hivi uwanja unakuwa karibu sawa, na utamu wa wiki hizo mbili haupatikani tena hadi mwaka unaofuata. Kama hiki ndicho unachokifuata, nunua siku ya kwanza au usinunue kabisa. Ukiingia Februari, wenzako wana kila kiambatisho na wanajua kila kona. Utakuwa umelipia ngazi, lakini umekuta wenzako wako juu wanakutupia mawe.

Rangi za bunduki ni sehemu ya ngazi hiyo hiyo. Dhahabu inataka ufanye kazi na bunduki moja moja, na ile ya mwisho inataka uzimalize karibu zote. Anayezifuata anahitaji miezi, si wiki. Jiulize kwa uaminifu: mwaka jana uliimaliza? Kama uliishia katikati, mwaka huu pia utaishia katikati, na hilo si sababu ya kulipa.

Na ulichonunua kwa fedha taslimu je? Hapa wengi huumia. Skini (mavazi ya mhusika) na bunduki za Modern Warfare II ya 2022 ziliruhusiwa kuingia Modern Warfare III ya 2023, na watu wakaamini kwamba huo ndio utaratibu mpya. Kwa Black Ops 6 kwenda Black Ops 7 jambo hilo hilo lilitangazwa, kisha Agosti 2025 likafutwa. Chukulia kwamba kila skini unayonunua inazikwa na toleo lake, isipokuwa ndani ya Warzone, sehemu ya bure ya Call of Duty. Kuanzia msimu wa nne, yaani nusu ya pili ya mwaka wa toleo, funga mkoba. Mauzo ya skini huwa makali kipindi hicho hicho ambacho zimebakiza miezi michache tu ya kutumika.

Jinsi inavyokaa mkononi

Nyuma ya jina moja kuna studio tatu zinazopokezana: Infinity Ward, Treyarch na Sledgehammer Games. Usidanganyike na jina la jumla, kwa sababu mkono wa kila studio unatofautiana, na hata ndani ya studio moja mambo hubadilika. Mfano mzuri ni uhai wa mchezaji. Modern Warfare II ya 2022 ilikupa 100. Modern Warfare III ya mwaka uliofuata ikakupa 150. Black Ops 6 ikarudi 100. Hiyo 50 inaamua kama ukipigwa risasi kwa nyuma una nafasi ya kugeuka na kujibu au umeshakufa. Mchezaji mvumilivu anayelenga kichwa hupenda 150. Anayevizia pembeni hupenda 100. Black Ops 6 pia iliruhusu kukimbia na kujirusha pande zote, mbele, nyuma na kando. Wenye vidole vyepesi waliifurahia. Wenye kucheza taratibu walichoka ndani ya wiki.

Ramani nazo zichunguze. Modern Warfare III ilianza na ramani 16, zote zikiwa zimetoka Modern Warfare 2 ya 2009. Ukiwa uliwahi kuzicheza, huenda ulilipia kumbukumbu, na hilo si jambo baya mradi unalijua. Nuketown, iliyozaliwa Black Ops ya 2010, imerudi katika kila Black Ops.

Dawa ni beta, yaani toleo la majaribio kabla ya gemu kutoka. Karibu kila toleo huwa na siku chache za beta ya wazi, bure, kati ya Agosti na Oktoba. Usiingie kucheza tu, ingia kupima. Kwanza sawazisha mipangilio na ya gemu yako ya sasa: upana wa mwonekano uwe ule ule (namba ya kuanzia huwa 80, na wengi hukaa vizuri kwenye 100 hadi 105), kasi ya kuzungusha pedi iwe ile ile, na ukungu wa mwendo uzimwe kwenye zote mbili. Usipofanya hivyo utasema gemu mpya ni nzito au nyepesi, kumbe ni mipangilio. Kisha cheza mechi kumi na bunduki ya aina unayoitumia siku zote, na uandike mambo matatu: pingi ya kila mechi, sekunde za kusubiri lobi, na mara ngapi ulikufa bila kuelewa umepigwa kutoka wapi. Hilo la tatu ni muhimu kuliko idadi ya uliowaua. Likizidi theluthi ya vifo vyako hata kwenye mechi ya kumi, ramani zake hazikufai, na mwaka mzima hautazibadilisha.

Lakini beta hupamba. Ramani ni chache na zimechaguliwa zile nzuri, leveli zinapanda haraka, na umati uliomo ni mchanganyiko wa kila mtu kwa sababu ni bure. Kata utamu wa beta kwa robo kabla ya kuamua.

Kuhusu kupangwa na watu wa uwezo wako, malalamiko ni ya miaka mingi. Mwaka 2024 Activision, kampuni inayoitoa gemu hii, ilichapisha maelezo yake na kusema pingi ndiyo inayotangulia, ingawa uwezo nao unahesabiwa. Black Ops 7 ilipotoka Novemba 2025, upangaji wa kawaida ulilegeza sana kigezo cha uwezo. Ukiwa mchezaji wa kati, maana yake ni mechi zisizofanana: moja unatawala, inayofuata unakanyagwa.

Piga hesabu kwa saa, si kwa bei

Watu husubiri punguzo la nusu bei mwezi wa Julai wakidhani wameokoa fedha. Kwa gemu ya aina hii hesabu inakataa, kwa sababu mwisho wa toleo unajulikana: Oktoba au Novemba umati unahama.

Chukua mchezaji wa siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Ni saa 6 kwa wiki. Akinunua siku ya kwanza kwa dola 70, ana wiki kama 50, yaani saa 300: senti 23 kwa saa. Akisubiri Julai na kulipa dola 35, amebakiziwa wiki kama 17, saa 102: senti 34 kwa saa. Amelipa nusu, na kila saa imemgharimu zaidi. Sasa mweke anayevumilia wiki tatu hadi punguzo la mwisho wa Novemba, akapata asilimia 30. Analipa dola 49, ana wiki 47, saa 282: senti 17 kwa saa. Dirisha hilo la kati ya mwisho wa Novemba na Krismasi ndilo zuri kuliko yote kwa asiyejali zile wiki mbili za mwanzo. Weka namba zako mwenyewe, na uwe mkweli kuhusu saa. Mitihani, zamu za kazi na umeme kukatika vyote vimo humo.

Halafu ongeza yasiyoandikwa kwenye kasha. Kwenye PlayStation, sehemu ya kulipia ya gemu hii haichezeki mtandaoni bila PlayStation Plus, ambayo kwa daraja la chini nchini Marekani ni dola 80 kwa mwaka. Warzone haihitaji, na kwenye kompyuta hakuna ada hiyo. Battle Pass, tiketi ya zawadi za msimu, ni pointi 1,100 za gemu, takriban dola 10. Ukiimaliza, inakurudishia pointi za kutosha kununua inayofuata. Usipoimaliza, unalipa upya kila msimu. Anayecheza saa chini ya 4 kwa wiki asiiguse.

Matoleo ya bei kubwa ya dola 100 yana skini na msimu mmoja wa Battle Pass. Hayana ramani hata moja ambayo wewe wa dola 70 huna. Zamani mambo yalikuwa tofauti: mwaka 2010 ramani tano za nyongeza za Modern Warfare 2 ziliuzwa dola 15, na asiyezinunua alitenganishwa na wenzake. Tangu 2019 ramani ni bure kwa wote walio na gemu.

Nafasi, bando na akaunti

Hapa ndipo Afrika Mashariki tunapopigwa zaidi. Kununua diski hakukuepushi kupakua. Diski ya PS5 ya Modern Warfare II ilikuwa na data kama megabaiti 70 tu. Yote yaliyobaki yalitoka mtandaoni. Modern Warfare ya 2019 pamoja na Warzone ilivuka gigabaiti 200. Chukua gigabaiti 100 kama kipimo: kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde ni saa 11 hivi bila kukatika, kwa 10 ni saa 22. Kama unategemea bando la simu, jumlisha bei ya gigabaiti hizo kwenye bei ya gemu kabla hujaamua. Kucheza kwenyewe hakuli sana. Apdeti za kila msimu ndizo zinazokula.

Wakati wa kuweka, ingia kwenye orodha ya sehemu za gemu na uondoe usichokicheza. Kampeni (hadithi), Zombies (kupambana na mazombi), wachezaji wengi na Warzone hutenganishwa. Aliye kwenye PS4 awe mwangalifu zaidi: mashine hiyo hunakili gemu nzima inapoweka apdeti, kwa hiyo apdeti ya gigabaiti 15 inaweza kudai nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa gemu yote. Ndiyo maana diski kuu ya gigabaiti 500 inagoma wakati ulidhani una nafasi.

Akaunti: wengi wetu tuna akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji akishakutumia namba hairudishwi. Angalia nchi ya akaunti kwanza, ndipo ununue kadi.

Nani asilipe kabisa

Unayecheza Warzone peke yake huhitaji toleo jipya. Tangu Machi 2020 ni bure. Ukweli ni kwamba mwenye toleo jipya hupandisha bunduki mpya haraka zaidi kwenye ramani ndogo, lakini hiyo ni haraka tu, si silaha ya ziada. Unayecheza kwenye simu, Call of Duty: Mobile ya Oktoba 2019 bado ni programu ile ile na haijawahi kukudai toleo jipya. Usiichanganye na Warzone Mobile, iliyotoka Machi 2024 na kuondolewa madukani Mei 2025. Unayependa kampeni tu, subiri hadi bei ishuke sana, maana hadithi haihitaji lobi. Na hakikisha ipo, kwa sababu Black Ops 4 ya 2018 ilitoka bila kampeni.

Ukishalipa na ukajuta

Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, unarudishiwa fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Tumia hizo saa 2 kwenye mechi za mtandaoni moja kwa moja, usizimalize kwenye kampeni wala kurekebisha picha. Kwenye PlayStation una siku 14 pia, lakini haki hiyo inapotea mara tu unapoanza kupakua. Zima upakuaji wa moja kwa moja kabla ya kubonyeza kulipa, na ukiagiza mapema usiruhusu gemu ijipakue yenyewe kabla ya siku ya kutoka. Kikosi chako kikibadili mawazo usiku wa mwisho, bado utakuwa na njia ya kutoka.